Kibao cha Mbwa Mkali

Kibao kilifika nyumbani kabla ya mbwa. Mume wangu alirudi nacho kutoka kazini jioni moja, kipande cha bati chenye maandishi mekundu, HATARI MBWA MKALI, akakiegemeza ukutani karibu na mafiga kana kwamba kaleta picha ya kutundika sebuleni. Nikamuuliza mbwa mwenyewe yuko wapi. Akasema, "Anakuja kesho."

Nilikuwa mke wa miezi minane, nimetoka Rangwi kuja kuolewa Shume, na katika yote niliyofundwa na mama na shangazi zangu kabla ya kuondoka, hakuna aliyegusia habari za mbwa. Mume wangu alikuwa fundi wa msumeno kwenye mashine ya mbao. Mzungu aliyesimamia msitu alikuwa anafunga mizigo arudi kwao. Uhuru ulikuwa na miaka michache tu na wenzake wengi walikwisha teremka Mombo na masanduku yao. Viti aligawa, vyombo aligawa, mbwa akakosa wa kumchukua kwa sababu kila mtu alimwogopa. Sasa mume wangu ni mtu asiyeweza kusema hapana akitazamwa machoni, na siku ile alitazamwa machoni na yule mbwa.

Alikuwa mfupi na mpana, kifua cha mpagazi wa magunia, kichwa kikubwa kuliko haki yake, rangi ya kahawia na doa jeupe shingoni. Wajukuu zangu, ambao siku hizi wanajua kila kitu, nikiwaeleza alivyokuwa wananiambia, "Bibi, huyo alikuwa pitbuli." Inawezekana. Mzungu hakutuachia cheti. Sisi tulizoea mbwa wa kwetu, wembamba, wa kufukuza nguruwe na ngedere mashambani, wanaolala nje na kula wanachookota. Huyu usiku wa kwanza alisimama mlangoni akitutazama, akisubiri tumkaribishe ndani.

Jina lake la Kizungu, kwa maelezo ya mume wangu, lilikuwa la mjomba wa yule mzungu. Nikasema mimi siwezi kusimama barabarani kumwita mjomba wa mtu. Kwa hiyo hatukumpa jina. Tulimwita Wewe, na baadaye, watoto walipozaliwa, kila nilipomkemea mmoja wao, "Wewe!", mbwa ndiye aliyekuja mbio akitikisa mkia.

Wiki ya kwanza sikutoka nje bila mwiko mkononi. Nilimwambia mume wangu waziwazi achague, mbwa au mimi, na yeye akaomba apewe muda wa kufikiri, jambo ambalo sijamsamehe mpaka leo. Siku ya tisa nikasikia kilio nyuma ya nyumba. Nilipochungulia, nilimkuta yule mnyama wa kutisha amebanwa kwenye pembe ya ukuta na kuku wangu mwenye vifaranga. Kuku amevimba manyoya, mbwa amegeuza uso ukutani, analia. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamfukuza kuku, nikamshika mbwa kichwani kwa mara ya kwanza, akaniegemea kwa uzito wake wote. Tangu siku hiyo sikumwogopa tena.

Naona niseme hapa kwamba mume wangu, kwa upole wake wote, alikuwa na msimamo mmoja. Mtoto wetu wa kwanza alipoanza kutambaa, alitambaa moja kwa moja kwenda kumvuta mbwa masikio, na mbwa akafumba macho kwa raha. Mimi niliona jambo zuri la kutazamwa. Yeye alimwinua mtoto. "Hawa wawili wasiachwe peke yao," akasema, "hata ukienda kuchungulia chungu tu. Meno ni meno." Nikamwambia anamsingizia mbwa. Akanijibu kwamba hamsingizii mtu, anafunga mlango tu. Alimtengenezea mbwa ukosi kutokana na mkanda wake wa zamani, akamsokotea kamba ya katani, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alimtembeza mpaka ukingo wa misonobari na kurudi, katika ukungu, wote wawili wakitoa mvuke puani. Alimfundisha kukaa na kungoja kabla ya kula. Ningewaambia vijana wafuge mbwa wa aina ile kama wanajua kufanya hivyo kila siku ya Mungu, mvua au baridi. Kama hawajui, wafuge kuku.

Lakini kibao. Kwa hofu zangu za mwanzo nilikuwa nimekipigilia mwenyewe kwenye mti wa lango, kinatazama barabarani. Baada ya mambo ya kuku, mume wangu alitaka kukitoa. Nikasema kiache kwanza.

Sababu sikumwambia. Nyumba yetu ilikuwa kando ya njia ambayo ukoo wake mzima ulipita kwenda gulioni, na ukoo huo ulipenda kupita saa saba. Kwetu mgeni hapigi hodi ukamwacha aondoke na njaa. Ukipika makande ya watu wawili, wanakuja watano, na unakaa chini ukila ukoko huku ukitabasamu. Zaidi ya wote nilimwogopa mama mkwe. Alikaa ng'ambo ya bonde, akija na kikapu chake kichwani, na katika ziara yake ya kwanza alifunua sufuria zangu moja baada ya nyingine bila kusema neno. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilijiona nimepimwa nikapungua.

Baada ya kibao, wageni walianza kusimama barabarani na kuita. Wakiita, napata muda wa kutandika mkeka, kuficha kilichoungua, au kunyamaza kabisa kama sipo. Mama mkwe, ambaye mbwa walimtia woga tangu utoto, alisimama mbali kuliko wote. Aliita mara tatu, akangoja, akaondoka. Ndani, mbwa alikuwa ananiangalia nami nimeweka kidole mdomoni kwangu asibweke.

Na kwa kuwa uongo ukianza unataka kulishwa, nikaulisha. Pale tulipochota maji nilisimulia jinsi mbwa wetu alivyomrarua nguruwe pori. Nilisimulia jinsi asivyoweza kuvumilia harufu ya mgeni. Ukweli ni kwamba alipenda wageni kupita kiasi, na wakati wa radi alijificha chini ya kitanda chetu, akakiinua kwa mgongo tukiwa tumelala juu yake. Mama mkwe akawa anakuja sikukuu tu, mwanawe akiwapo na mbwa amefungwa nyuma, anakaa ukingoni mwa kiti, miguu ameikunja juu, na kabla chai haijapoa ameaga. Siku nyingine mume wangu alimpelekea watoto barabarani awaone. Mimi nilipumua. Miaka sita nilipumua.

Jirani yetu wa upande wa chini alikuwa mzee Mwislamu, mkulima wa kabichi na karoti, mtu safi kuliko wote niliowahi kujua. Alikuwa na makubaliano na mume wangu tangu mwanzo: mbwa asiguse mfereji wa maji juu ya shamba lake, na asiwe njiani wakati wa sala. Makubaliano hayo yalikuwa ya mume wangu na yeye. Mimi niliyajua kama mtu anavyojua mambo ya wanaume, kwa sikio moja.

Ijumaa moja ngedere waliingia kwenye mahindi yangu. Nikamfungua mbwa awafukuze, nikakimbia naye nikipiga kelele, na lango nikaliacha wazi. Ngedere walikwenda zao. Mbwa, akiwa na furaha iliyobaki, aliona mtu barabarani.

Mzee alikuwa anakwenda msikitini, kanzu nyeupe, kofia, kandambili mkononi kwa sababu ya tope. Kwa miaka sita alikuwa amepita mbele ya kile kibao. Alipomwona mwenye kibao anamjia mbio alisimama akaanza kutoa shahada, na akiwa katikati yake akaangushwa chali kwenye matuta ya viazi. Nilifika nikihema. Mbwa alikuwa amemkalia kifuani, anamlamba kutoka sikio hadi sikio.

"Mtoe," mzee akasema, macho amefumba. Sauti haikuwa ya hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Nikamtoa. Nikaanza kusema kwamba hana neno, baba, anacheza tu, hajawahi kumuuma mtu. Mzee akakaa, akatazama kanzu yake. Mate ya mbwa kwake yalikuwa najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, na adhana ilikuwa imekwisha. Nilikimbia kuleta ndoo ya maji, akakataa kwa mkono. "Ningekuwa nimeangushwa tu," akasema, "ningeweza kuswali." Akageuka kurudi kwake, anatembea polepole, mgongo mzima wa kanzu tope la viazi. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nilijiona mtu duni.

Jioni mume wangu alikwenda kuomba radhi pamoja na mzee mmoja wa kanisani. Walirudi wakasema amesamehe. Walisema pia hakuongea mengi.

Yangeishia hapo kama kichaa cha mbwa hakingeingia tarafani wiki mbili baadaye. Kijiji chetu kilikuwa kimeandikishwa kijiji cha ujamaa, tuna mwenyekiti, tuna kamati, tuna shamba la pamoja ambalo magugu yake pia yalikuwa ya pamoja. Agizo likaja: mbwa wanaozurura na mbwa wakali wote wapigwe risasi, mwenye mbwa mtulivu ampeleke Lushoto kwa bwana mifugo akachanjwe. Nani mkali na nani mtulivu, kamati itaamua Jumapili alasiri. Bwana nyama, askari wa wanyamapori, atakuja na bunduki Jumatatu.

Balozi wetu wa nyumba kumi alipita kuorodhesha. Hakutuuliza kitu. Alisimama langoni, akasoma, akaandika. Kisha akaking'oa kibao akaenda nacho.

Jumapili hiyo kanisani sikusikia hata mstari mmoja wa mahubiri. Nyumbani mtoto wetu mkubwa, msichana wa miaka mitano, alikuwa ameuliza kama risasi inauma sana au kidogo. Mume wangu alimwogesha mbwa kwa sabuni ya mche, akampangusa masikio. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule. Kibao kilikuwa mezani mbele ya mwenyekiti, na wanaume wa mashine, kina mama wenzangu wa maji, ukoo wa mume wangu safu mbili nzima, wote walikuwepo. Mama mkwe alikaa karibu na dirisha, kikapu mapajani.

Mume wangu alisimama, akasema mbwa wake ni mpole. Mwenyekiti akainua kibao juu kila mtu akione.

"Ndugu, hiki si chako?"

"Ni changu."

"Unajua kusoma?"

"Najua."

"Basi tusaidiane kusoma."

Watu wakacheka, halafu wakaanza kutoa ushahidi, na kila ushahidi ulikuwa wangu. Mama mmoja alieleza habari za nguruwe. Mwingine akasema hakuwa nguruwe, alikuwa chui. Shemeji yangu mmoja aliapa kwamba mbwa yule alimkimbiza mpaka mtoni, ilhali kilichomkimbiza kilikuwa sauti yangu nikimkemea mtoto. Nilikaa nikisikiliza hadithi zangu zikinirudia zimenenepa.

Hatimaye aliitwa mzee jirani. Alisimama kwa utaratibu, kanzu nyeupe isiyo na hata doa.

"Mimi hakuniuma," akasema. "Alinilamba. Lakini sikilizeni. Nilipokuwa chini sikujua kama nalambwa au naliwa. Ninyi wa nyumba ile mnamjua mbwa wenu. Mimi nitamjuaje? Ninachokijua mimi ni lango, kamba na hicho kibao. Lango lilikuwa wazi, kamba haikuwapo. Kimebaki kibao. Kama kinasema kweli, mbwa auawe, maana nina wajukuu. Kama kinasema uongo, aliyekitundika asimame aseme alitaka nini." Akakaa.

Darasa zima likamgeukia mume wangu. Yeye akatazama viatu vyake. Alikuwa anajua, nadhani alijua siku zote, na angekaa hivyo hivyo akatazama viatu mpaka bunduki ifike kuliko kunitaja mbele ya mama yake.

Nikasimama.

"Ndugu mwenyekiti, kibao ni changu. Mbwa yule anaogopa kuku. Nguruwe hakuwapo. Chui mmemwongeza wenyewe."

"Basi ulikitundika kwa nini?"

"Kwa ajili ya wageni."

"Wageni gani?"

"Wa saa saba," nikasema.

Mtu wa nyuma alipasuka kicheko, na darasa zima likafuata, wanaume wa mashine wanapiga madawati, kina mama wanafutana machozi kwa kanga. Mwenyekiti aligonga meza. "Yaani," akasema, akijitahidi kukunja uso, "umetumia mbwa wa mkoloni kuwanyima ndugu zako ugali?" Nikasema ndiyo, na mara nyingine makande. Hata mzee wa kabichi aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alikaza fundo la kanga, akatazama nje.

Mbwa aliachwa hai kwa masharti. Achanjwe, na karatasi ya bwana mifugo iletwe kwa katibu. Asitoke bila kamba na mtu mzima wa kuishika. Lango liwekewe komeo. Ijumaa, na hili mzee alilitaja mwenyewe, afungwe kuanzia saa tano mpaka yeye mzee atakapopita kurudi na kutoa sauti. Kibao nisikitundike tena. Nilikubali yote kwa haraka mno, ningekubali hata kulima shamba la pamoja peke yangu.

Jumatatu tulipanda lori la mbao kwenda Lushoto, mimi, mume wangu na mbwa, tumekaa juu ya mbao. Alinyoosha kichwa chake kikubwa kwenye upepo, ulimi nje, na katika kila kijiji watoto walikimbia pembeni wakipiga mayowe. Kwa mara ya kwanza niliwaona watu jinsi walivyokuwa wanamwona. Nikaikaza kamba mkononi mara mbili. Bwana mifugo alimdunga sindano, mbwa akajificha nyuma ya gauni langu. Nilirudi na ile karatasi nimeiweka kifuani, nikiigusa kila kona ya barabara, nina furaha ya kunifanya nimwimbie dereva.

Jumanne, saa saba kamili, nikiwa najifuta moshi machoni, komeo jipya la lango likalia. Hakuna aliyeita. Nilitoka nikamkuta mama mkwe amekwisha kuingia, kikapu kichwani, amesimama hatua mbili tu kutoka pale kamba ya mbwa ilipoishia. Mbwa alikuwa amekaa, kama alivyofundishwa, mkia unafagia vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu ndiye?"

"Ndiye, mama."

Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akatua kikapu, na mimi nikajiandaa kufunuliwa sufuria. Hakugusa sufuria. Alifunua kikapu. Kulikuwa na ndizi za kupika, mayai yamefungwa kwenye majani makavu ya mgomba, chupa ya maziwa imezibwa kwa gunzi, na viatu viwili vidogo vya sufu, vya mtoto mchanga, vimefumwa kwa mkono. Kitindamimba wetu alikuwa na miaka mitatu.

"Hivi nilivifuma alipozaliwa," akasema. "Nilikuja navyo mara tatu, nimvalishe kwa mkono wangu. Nikaita."

Niliona aibu mpaka kwenye nywele.

"Na siku ile ya kwanza," nikasema baadaye, "ulifunua sufuria zangu zote."

"Nilikuwa natafuta iliyo tupu," akasema, "niweke maziwa."

Watoto walikuwa wamekwisha mrukia. Akawaacha wamning'inie, akavunja yai moja kwenye bakuli, akalisukuma kwa mguu mpaka mbele ya mbwa, mguu wenyewe ukitetemeka. "Na huyu ale. Miaka sita amesingiziwa." Mbwa alinitazama kwanza, akisubiri ruhusa. Nikampa. Kisha nikarudi jikoni nikaongeza maji kwenye sufuria.